Kava la Mbwa wa Baba

Mimi nauza vitambaa. Nimeuza vitambaa Tunduma tangu mpaka ulipoanza kuchangamka, na kama kuna kitu nakijua hapa duniani ni kitambaa. Nikikishika kwa vidole viwili nakwambia kama kitachuja rangi, kama kitapwaya ukikifua mara tatu, na kama muuzaji anakudanganya. Wenzangu sokoni walikuwa wakiniita mkaguzi, na mimi nilikuwa najisikia kweli kweli. Siku hizi mtu akiniita hivyo namgeuzia mgongo.

Nataka kusimulia habari ya kava la kiti cha gari. Utasema, kava la kiti nalo lina habari? Lina, tena ningependa lisingekuwa nayo.

Baba yangu alikuwa akiishi Kamsamba, kule bondeni kwenye joto na mpunga. Mama alikuwa ameshafariki, ng'ombe walishakwisha, ndugu zangu walishatangulia, na mimi mtoto pekee niliyebaki nilikuwa huku juu na marobota yangu. Yeye alibaki na mbwa wawili, jike na dume, wakubwa, wa rangi ya udongo. Jumamosi moja jirani yake, mama mmoja mlima mpunga, akanipigia simu. Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinafika kule, na ili mtandao ushike ilibidi mtu apande juu ya kichuguu. Akaniambia, "Dada, njoo umchukue mzee. Miguu imevimba hadi magotini, usiku halali, pumzi inamkata. Huku zahanati wamesema apelekwe hospitali kubwa."

Nikamwambia ajitahidi anipe baba niongee naye. Nikasubiri, nikasikia watu wakihema na kuambiana shika hapa, shika pale, wanampandisha kichuguu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimeambiwa unataka kunifuata. Nitakuja, lakini siji bila mbwa wangu."

"Baba, hospitali hawalazi mbwa."

"Kwani nani kasema wanaumwa? Nitalazwa mimi. Wao watakaa kwako."

"Tuwaachie jirani basi, kwa muda tu."

"Mama yako alipokufa, nani alikuwa analala mlangoni pangu? Wewe?"

Alikuwa mgonjwa lakini ulimi wake ulikuwa mzima, na alilosema lilikuwa kweli. Nikamwambia, haya baba, nitakuja kuwachukua wote watatu.

Sasa, usafiri. Malori ya mpunga hupakia watu juu ya magunia, na mtu ambaye pumzi inamkata humpandishi huko. Madereva wa teksi niliwauliza wawili. Wa kwanza alicheka hadi akashika tumbo. Wa pili akasema mbwa wakae kwenye buti, nami nikaona kabisa jinsi baba atakavyoteremka na kurudi ndani kwake. Nikabaki na jirani yangu wa hapa Tunduma.

Jirani yangu huyu alikuwa mzee wa Kitanga, Mwislamu safi, msafirishaji, ukuta wake na wangu ni mmoja. Kila Idi sinia la pilau lilikuwa linaingia kwangu kabla sijamaliza kufagia uwanja. Alikuwa na gari dogo la milango minne analolitunza sana, viti vyake vya kitambaa cha kijivu kisicho na hata doa la chai. Jumapili nikaenda kumwomba. Nikamwambia baba yangu anaumwa bondeni, nataka kumfuata.

"Chukua mwanangu, hata leo. Funguo hizi hapa," akasema, akainyoosha mikono yote miwili.

Nikamjibu, "Ahsante baba, nitazifuata nikiwa tayari." Habari ya mbwa sikuitaja.

Sikuitaja kwa sababu nilikuwa nimeshaona kitu. Wakati fulani mbwa wa mtaani alimpitia mguuni akiwa anakwenda msikitini, pua mbichi ikagusa kanzu. Mzee alirudi nyumbani papo hapo, akabadili, akatoka na kanzu nyingine. Mimi ni Mkristo, Mmoraviani wa kuzaliwa, dini yao siijui kwa ndani, lakini nilijua kwao mate ya mbwa ni najisi. Nikajiambia, kama kanzu imebadilishwa kwa kuguswa tu, gari litakuwaje? Kumwuliza niliona ni kumtukana. Mtu kakupa funguo kwa mikono miwili, wewe umwambie baba, nataka kukuwekea mbwa wawili kitini? Haya ilinishika. Nikaamua nitatafuta kava ambalo halitapitisha tone wala unyoya, niende, nirudi, nilirudishe gari kama nilivyolikuta, na mzee wa watu asijue.

Jumatatu nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwenye mitumba. Ukitaka cha ajabu ndiko kilipo. Na kweli nikakikuta, sikuamini macho yangu: kava la mbwa. Limeshonwa huko kwa Wazungu mahususi kwa mbwa, zito, lina mikanda ya kufunga kwenye viti vya mbele na vya nyuma, katikati linaning'inia mfano wa machela ili mbwa asianguke chini. Nilicheka peke yangu. Mbwa wa wenzetu wana nguo za safari, sisi huku tunabanana juu ya magunia! Muuzaji, mama wa Kibemba, akanisukumia mkononi kwa adabu ya kwao, "Mukwai, chukua, hili halina la pili." Nikalikagua. Nikaligeuza, nikaliinua juani. Kwenye kona kulikuwa na tundu, dogo, penye kupita kidole. Nikamwambia lina tundu, nikalirudisha.

Tundu la kidole, jamani. Kiraka cha dakika tano, na nyumbani kwangu kulikuwa na cherehani mbili.

Jumatano nikarudi nikiwa nimelainika kidogo. Lilikuwa limeshanunuliwa.

Basi nikaanza kuchagua mwenyewe. Plastiki ya mezani, ile ya maua, nikaikataa: kucha zingeichana kabla ya kufika Mlowo. Leza, ile ngozi ya bandia, ilikuwa nzuri, inafutika, lakini ukiikalia kwenye joto la bondeni inaunguza, na mbwa wangeteleza kwenye kona za mteremko. Blanketi linakunywa maji. Turubai la malori halipitishi kitu, ila linanuka dizeli na ni gumu. Nikaamua turubai liwe chini na drili nene, kitambaa cha suruali za kazi, iwe juu ili kucha zishike, pembeni kuwe na kuta za kuinuka, na nafasi ya mbele nimwachie baba. Nilipiga picha yote kichwani, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, na hilo ndilo linanitia uchungu kuliko yote. Baba yangu anatafuta pumzi, mimi nafurahia mshono.

Alhamisi nikampelekea kazi fundi wa viti vya magari pale karibu na maegesho ya malori. Akasema njoo Jumamosi. Jumamosi hajakata hata kipande. Nilipomfokea akanijibu kwa upole, "Dada, haraka haraka haina baraka." Na mimi mpumbavu nikaona kasema kweli, maana nilitaka kazi safi.

Huku nyuma jirani alikuwa akinikuta mlangoni. "Mwanangu, bado hujaenda tu?" Najibu, najiandaa baba. Na yule mama wa bondeni akipiga, nasema keshokutwa. Siku moja alinipa salamu za baba: "Mzee anasema mchagua jembe si mkulima." Nikacheka. Nikamwambia mweleze kwamba ni gari la watu, gari la Mwislamu, kwa hiyo mbwa wawe safi, wasije wakaniaibisha. Hayo maneno niliyasema mimi, kwa kinywa changu hiki.

Jumatatu ya pili kava likawa tayari. Lilipendeza. Nikalitandika juu ya benchi la fundi, nikamimina jagi la maji katikati, nikasubiri. Chini ya mshono yakaanza kudondoka matone. Turubai halivuji, lakini sindano imelitoboa matundu mia. Mtu mwingine angesema matone matatu si kitu. Mimi nikasema fumua. Akafumua, akashona kwa mkunjo mara mbili, Jumatano nikamimina tena, likavuja tena, kidogo mno, unyevu tu. Ndipo nikakumbuka mshumaa. Alhamisi mchana nikakaa pale kwa fundi, nikasugua mshumaa kwenye kila mshono, mbele na nyuma, nikapitisha pasi ya moto nta iyeyuke iingie. Nikamimina jagi la tatu. Nikapapasa chini kwa kiganja. Kukavu kabisa. Nikaangalia saa ya ukutani kwa fundi kuona kama nitawahi funguo kabla mzee hajatoka kwenda kuswali. Ilikuwa saa tisa na dakika kidogo.

Ijumaa alfajiri nikaondoka. Kava limekaa kitini vizuri, kamba zimekaza. Nikapita Mlowo, nikateremka, joto likaanza kupanda miguuni, nami nilikuwa naimba. Nilipokaribia nyumbani nikaona watu wamekaa chini uwanjani, wanawake wamejifunga khanga viunoni. Mtu wa huku haambiwi hiyo ni nini. Nilizima gari barabarani na sikuweza kufungua mlango.

Baba alikuwa amefariki jana yake, saa tisa alasiri. Walikuwa wamenipigia hadi wakachoka, mtandao ulikuwa umekatika. Mbwa walikuwa wamelala kwenye kizingiti, mmoja huku, mmoja huku, na watu walikuwa wakiwaruka kuingia ndani.

Yule mama mlima mpunga akanishika mkono akanikalisha. Alikuwa hana nia mbaya, alitaka nijue siku za mwisho za mzazi wangu. Akasema, "Mzee alikungoja. Tangu ulipotuma neno wawe safi, kila asubuhi alikuwa anawapeleka mtoni kuwaogesha. Tukimwambia tutamwogeshea, anakataa, anasema binti yangu kaazima gari la watu, sitaki apate aibu. Na ile miguu yake. Alikuwa anakwenda kwa kukaa, anasimama, anakaa tena. Akirudi anavaa koti, anakaa kwenye kigoda na mbwa kawafunga kamba, anaangalia barabara. Jana alirudi amelowa hadi kifuani, akasema anajilaza kidogo."

Nililia hadi sauti ikaisha. Sikulia kifo, wazee wanakufa. Nililia zile safari za mtoni. Mtu asiyeweza kuvuta pumzi akiwa amelala, kainamia maji asubuhi kwa asubuhi na kipande cha sabuni, ili kiti cha gari kisichafuke, na kiti chenyewe nilikuwa nimeshakiwekea ngome.

Tulimzika kando ya mama. Matanga yalipoanuliwa niliwachukua mbwa, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi watatu. Dume alikataa kupanda, ikabidi watu wawili wamwinue. Walikaa juu ya kava njia nzima bila kubweka. Jike alitapika kwenye mteremko, na yote yakabaki juu ya drili, pembeni hakukupita kitu. Lilikuwa kava bora kuliko yote niliyowahi kuona. Nilitamani kulitupa korongoni.

Nilipofika Tunduma sikuwa na nguvu za kuficha tena. Jirani, habari za msiba zilishamfikia, alitoka kunipa pole, akawaona mbwa wakiteremka kwenye gari lake. Nikapiga magoti pale uwanjani nikamweleza yote: mbwa, kanzu, mitumba, fundi, mshumaa. Nikamwambia, "Baba nisamehe, nimekutilia najisi gari lako."

Mzee akanishika kiwiko, akaninyanyua.

"Mwanangu, siku ile ya kanzu nilikuwa nakwenda kuswali. Gari siswalii ndani yake. Na hata kanzu, mate ya mbwa tunaosha mara saba, mojawapo kwa udongo, basi, imetakata. Hata kiti kingelowa chote, ni ndoo mbili na mchanga. Kazi ya nusu saa. Ningeosha mwenyewe." Akatikisa kichwa, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Kwa nini hukuniambia? Si nilikupa funguo Jumapili ile?"

Nikamwambia ndiyo, baba, ulinipa.

Alikwenda kuchota maji. Nami nikaanza kufungua kamba za kava. Mimi ninayebishana na madereva wa nchi nne tangu asubuhi hadi jioni bila haya wala kuona soni, niliona aibu kumwuliza jirani yangu swali moja, na baba akalilipia kwa siku kumi na tatu, akiwa amekaa kwenye kigoda na koti lake, anaangalia barabara.