Kidude Tulichomzikia Nicanor

Utasikia kwa watu kwamba mimi ni mwongo, kwa hiyo acha nianze kukiri mwenyewe. Ni mimi niliyewaambia watu wa Kendu Bay kwamba shangazi yangu aliolewa na kiboko, kisha akarudi kwao kwa sababu mume hataki kulala nyumbani. Walicheka miaka na miaka. Lakini haya ya Benta ni ya kweli, na ningetoa meno yangu mawili yaliyobaki ili yawe uongo.

Benta alikuwa mke wa mjukuu wangu Nicanor. Nicanor alimpata huko Migori, kwenye machimbo ya dhahabu ya Masara, ambako msichana huyo aliponda mawe tangu utotoni. Alikuwa mfupi, mikono migumu kama kwato. Alipofika kwetu hakujua mtama unapandwaje. Baada ya mwaka mmoja, shamba la chini lilimtii kuliko lilivyowahi kunitii mimi.

Nicanor naye alikuja na kidude alichoachiwa na mnunuzi wa dhahabu. Ukikiona utasema ni simu, lakini hakina laini, hakimpigii mtu. Ndani yake kulikuwa na nyimbo za benga, filamu, Biblia nzima, hesabu za gramu na mahali pa kunasa sauti. Kompyuta ya kutia mfukoni. Mimi niliwaambia watoto kwamba humo wanaishi watu wadogo wanaokula umeme, na wakishiba sana wanakuja kula vidole.

Mwanangu Obare, baba yake Nicanor, alipoona ugonjwa umemshinda, alimwita Nicanor. "Leta hicho kidude chako. Nataka kisikie." Akasema polepole, akipumzika kila baada ya neno: "Shamba la chini ni la Nicanor na Benta. Boaz ana la juu. Asivuke mikonge ya mpaka." Boaz ndiye mtoto wake wa kwanza, na siku hiyo hakuwepo. Tuliosikia tulikuwa watatu: Nicanor, Benta na mimi.

Obare akafa. Mwaka haukuisha, Nicanor akarudi kuchimba, shimo la Masara likamwangukia.

Tulimzika katika boma la baba yake, hatua chache kutoka kwenye mikonge. Jeneza likiwa bado wazi, Boaz alisimama mbele ya watu, macho mekundu, akanigeukia mimi bibi yake. "Dani, huyu alipenda kidude chake kuliko chakula. Si aende nacho? Wewe ndiye mkubwa, mwekee kwa mkono wako."

Watu wakaitikia, "Ndiyo! Aende nacho!"

Benta alinishika kanga. "Dani, usikiweke. Sauti ya baba imo."

Nikamkaripia. "Unamnyima marehemu kitu chake mbele ya wageni? Mimi si nipo? Nilisikia kwa masikio haya."

Nikakiweka kifuani mwa Nicanor.

Msimu wa kulima ulipofika, Boaz aliingiza ng'ombe wake shamba la chini. Benta akashtaki, naibu wa chifu akaita baraza. Akauliza, nani shahidi? Nikasimama na fimbo yangu, nikasema kila neno la Obare kama lilivyotoka.

Sauti ikatoka nyuma: "Dani, na yule kiboko alikuwepo?"

Baraza zima likaangua kicheko. Naibu wa chifu alijifuta machozi. Boaz peke yake hakucheka. "Kama kuna sauti ya baba," alisema, "ichezeni tusikie."

Nani angefukua? Kwetu kaburi likifunguliwa halifungwi tupu, linataka mtu mwingine. Benta mwenyewe hakuthubutu kuomba. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akarudi Masara kuponda mawe.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilienda kwenye kinu cha kusagia unga, nikasema kidude bado kina moto wa umeme. Kwamba ng'ombe wa Boaz wakivuka mikonge, Obare huongea kutoka kaburini mwa Nicanor, "Boaz, rudi," na ng'ombe mmoja alipiga magoti akakojoa. Hakuna aliyecheka! Ukweli wangu waliuchekea, uongo wakaubeba mpaka sokoni. Siku ya tatu Boaz alifungua nira, na mpaka leo hajavuka.

Nikamtuma Liz, muuza nguo anayekwenda Migori kila juma. "Mwambie Benta shamba liko wazi, arudi."

Liz alirudi hata kiti hakutaka. "Amekataa. Habari imefika mpaka Masara. Anasema hawezi kulima kando ya kaburi la mume linaloongea."

"Si ungemwambia ni uongo wangu!"

"Nilimwambia, Dani."

"Akasemaje?"

Liz alitazama miguu yake. "Alisema hata siku ya mazishi ulimwambia asiogope, wewe upo."

Mtama wake wa mwisho umejiotea wenyewe kati ya magugu. Kila asubuhi naenda kufukuza ndege.