Choo cha Mzee Bujiku

Hapa Didia, kabla hujapanda ulitazama kwanza shamba la Bujiku. Akipanda mtama, tunapanda. Akiacha, tunakaa tukiilalamikia mvua. Hakuwa mwenyekiti wala mganga. Alikuwa mzee wa maneno machache mwenye ng'ombe arobaini, nasi tulishazoea kumfuata kama kondoo.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya afya. Jioni tulikaa shuleni kuizunguka redio, mwalimu Thobias akituuliza maswali, nasi tukijibu kwa sauti moja kwamba choo ni afya. Asiye na choo alitozwa faini, kwa hiyo kila kaya ikachimba. Bujiku alichimba kirefu kuliko wote, akaezeka vizuri kuliko jiko la mkewe. Kisha akahifadhi humo magunia ya mbegu za pamba.

Usicheke. Mimi changu nilifugia kuku. Bwana afya akija tunafagia, akiondoka tunarudi vichakani kando ya lambo, na maji ya kunywa tunachota katika lambo hilohilo. Choo tungekiingiaje? Mkamwana na baba mkwe hawatumii shimo moja, hiyo ni aibu ya kufukuzana. Na mzee mzima aonekane anaingia kibandani mchana kweupe, kila mpita njia ajue anakwenda kufanya nini?

Mvua zilipokolea, watoto wakaanza kuhara. Esta, mjukuu wa Bujiku, alikuwa na miaka miwili. Aliugua Jumatatu, Jumatano tukamzika. Wiki iliyofuata mama yake, Nyamizi, aliyebakiwa na mwanawe Mageni peke yake, aliyatoa yale magunia moja moja, akayapanga ukutani, akaanza kutumia choo cha baba mkwe wake. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Nasema ukweli ingawa unaniuma: pale lamboni mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusogeza ndoo yangu mbali na yake. Wenzangu wakasogeza zao. Hatukumchukia hata kidogo. Tuliogopa kuonekana tuko upande wake. Wiki haikuisha, wazee wakakutana, wakamwambia mumewe amrudishe kwao Masumbwe, Mageni abaki. Lilisubiriwa neno la Bujiku tu.

Bujiku akachukua sururu, akaenda nyuma ya zizi, akachimba siku nne bila kumjibu mtu.

Jumapili asubuhi tulikuwa tunakwenda kanisani, kundi zima, wale wazee wakiwemo. Tukamwona anatoka nyumbani amevaa koti lake la harusi, kopo la maji mkononi. Akapita mbele yetu taratibu, akaingia kibanda kipya. Hakuna aliyethubutu kucheka wala kuondoka. Mimi niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyeingia. Akakaa. Alipotoka akanawa mikono, akatutazama.

"Mwangaluka," akatusalimu.

Tukaitikia.

"Kile cha kwanza ni cha Nyamizi," akasema. "Hiki ni changu. Anayetaka kumrudisha kwao, anirudishe na mimi."

Habari ya Masumbwe ikafia palepale. Siku ya pili nilimkuta Nyamizi lamboni, nikaweka ndoo yangu kando ya yake, nikaona haya kumtazama usoni. Kabla ya mavuno kuku wangu walishahamishwa, na kaya nyingi zilikuwa na vibanda viwili. Bwana afya aliandika, nasikia, kwamba redio imefanya kazi kubwa.

Baada ya kuuza pamba nilikwenda kwa Bujiku kumshukuru. Nilimkuta uani anasokota kamba ya ng'ombe. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Umetuokolea watoto."

"Marahaba, Mama Zipora." Hakuinua macho. "Usinisifu. Ukweli niliujua tangu siku zile za redio. Nilikuwa nawasubiri ninyi muanze."

Kumbe! Na sisi miezi yote ile tulikuwa tunamsubiri yeye. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nyamizi, ambaye hakumsubiri mtu, alikuwa pale jikoni, anasikia.