Kabla Hajaligusa Bomu la Katonga

Yule fundi wa mabomu wa jeshi alikuwa na vidole vyembamba kama vya mshonaji, na sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Bomu la kale lilinaswa na nyavu za wavuvi wakati wa Pasaka, likaachwa pale mwaloni Katonga, ufukweni mwa ziwa. Yeye alianzia mbali, akisogea kidogo kidogo, akizima kila chenye moto au umeme. Funguo za bodaboda alizikusanya akazivaa shingoni. Majiko ya wakaanga samaki wa migebuka aliyamwagia maji. Kila alipomaliza kimoja alivua viatu, akakanyaga mchanga mbichi, eti umeme wa mwilini ushuke, akavaa tena.

“Afande, na jua nalo utalizima?” Honorata, muuza mawese, alimtania.

“Jua liko mbali, mama.”

Honorata hakuwa na simu wala jiko, hivyo aliona amri ya kuzima vitu haimhusu. Alikuwa akivunja kokwa zake za michikichi kwa jiwe juu ya lile bomu, kama siku zote. Fundi alipomfikia, akapiga magoti polepole.

“Mama yangu,” akasema kwa sauti ileile, “liweke jiwe chini, kama unalaza yai.”

Honorata akaliweka. Kisha akauliza kama anaweza kumalizia zile tatu zilizobaki.