Mgeni Mwenye Sharubu

Kila nikifunua ndoo ya maji yaliyotiwa dawa, ile harufu kali ikanipanda puani kama ya wodi iliyopigwa deki asubuhi, namwona dada yangu Sechelela amepiga magoti mbele ya tangi la kioo, paji lake la uso limegusa kioo. Basi huacha ndoo wazi kwa muda, nikasimama. Ngoja nikusimulie polepole, kwa kuwa kisa hiki kina samaki na kina utani, na vyote viwili vinahitaji maelezo kidogo.

Tulikaa Dodoma mjini, mtaa wa Kikuyu. Baba alikuwa fundi wa redio na televisheni, Mgogo wa Mvumi. Jirani yetu alipohamishwa kikazi alimwachia baba tangi la samaki wa mapambo, na pampu yake ya hewa iliyonguruma kama paka aliyeshiba. Baba akalikabidhi kwa Sechelela, ingawa mwenyewe kila jioni alilichungulia, akigonga kioo kwa kidole. Mimi, mdogo wake, niliruhusiwa kuangalia bila kugusa. Samaki wenyewe walikuwa wadogo, wengine wa fedha, wengine wenye mistari, na mmoja mwekundu mwenye mkia mrefu wa kuburuta, ambaye Sechelela alimwita Bibi Harusi.

Maji ya kwetu yalikuja kwa mgao. Yalipotoka, mama alijaza mapipa yote, na mwaka ule, kwa kuwa mvua zilileta habari za kipindupindu, kila pipa alilitia dawa. Alitia kwa mkono mkarimu. Mama aliamini dawa ikiwa nzuri kwa watu, haiwezi kuwa mbaya kwa kitoweo. Ndiyo, kitoweo, ndivyo alivyowaita.

Siku ya kubadilisha maji, Sechelela alichota kwenye pipa kama kawaida. Kabla ya chakula cha mchana samaki wote walikuwa juu, vinywa nje, wakihema kama watu waliopanda mlima mbio. Kama hujafuga samaki, nikwambie: wao hupumua kwa matamvua, yale mapazia mekundu ya pembeni mwa kichwa, na dawa ile huyaunguza. Ukiyaacha maji kwenye beseni, juani, mpaka kesho yake, dawa huruka. Nani alijua? Wakaanza kulala ubavu mmoja mmoja, wale wa fedha kwanza. Na wale waliokuwa bado na nguvu, badala ya kuwaonea huruma wenzao, waliwadonoa mapezi. Niliona kwa macho yangu. Nao wakafa baadaye, na mapezi ya watu tumboni.

Alibaki Bibi Harusi. Sechelela alimhamishia kwenye maji ya mvua, akampa chakula kidogo kidogo kwa ncha ya kidole, akakataa hata kwenda kuchezea nje. Siku zikapita. Samaki akaacha kulala ubavu. Kupiga mbizi hakuweza bado. Alielea tu karibu na uso wa maji, akiuburuta mkia wake kama mtu anayejifunza kutembea baada ya homa.

Hapo ndipo alipokuja Baba Tulla.

Baba Tulla alikuwa Mhehe, na Mhehe kwa Mgogo ni mtani. Wewe unayesoma huenda unajua utani wa kutaniana tu. Ule wa wazee wetu ulikuwa sheria. Mtani anaweza kukuvulia kofia kichwani, akala chakula chako, akakutukana mbele ya wakwe zako, nawe ukikasirika, aibu ni yako.

Alikuwa ametoka Gulwe, alikokuwa akifanya kazi za reli. Mto ukifurika kule huacha madimbwi, na madimbwi huacha kambale. Aliingia na ndoo yenye kifuniko.

"Mbukwenyi, ombaomba!" alisalimia kwa Kigogo kutoka mlangoni.

"Fungeni mbwa," baba akajibu, maana Wahehe hutaniwa kuwa hula mbwa, "Mhehe ameingia na njaa yake."

Tukamwamkia, shikamoo, marahaba. Akalitazama tangi, akamtazama Sechelela. "Nasikia hapa kuna mgonjwa. Mgonjwa halali peke yake. Nimemletea wa kumwuguza." Kabla hatujaelewa, alikuwa ameinamisha ndoo. Kambale akateleza ndani, mweusi, mnene kama mkono wa baba, sharubu nane zikipapasa kioo.

Watu wazima wakacheka mpaka mama akashika ukuta.

Sechelela akamfuata baba, akamvuta shati. "Baba, mtoe. Atamla."

Baba akainama, akanong'ona: "Zawadi ya mtani haitolewi mwenyewe akiwa amekaa. Akiondoka tu, tunamtoa. Sawa, mama?"

Sawa. Kwa hiyo kilichobaki ni Baba Tulla kuondoka.

Sechelela alirudi kupiga magoti. Hakumtazama kambale; alimtazama mgeni. Chai ikaisha kikombeni. Mgeni akaegemea mbele, nasi tukainuka kidogo pamoja naye. "Chai hii, shemeji, bado ipo?" Mama akamimina. Akasimulia habari za mafuriko. Akasimulia habari za msimamizi wake aliyeanguka topeni. Jua likashuka, sebule ikawa na kiza, na kambale, ambaye huamka watu wanapowasha taa, akaanza kuzunguka taratibu, akipapasa kwa sharubu kama kipofu anayetafuta mlango.

"Baba," dada akaita.

"Mtoto!" Mama alimkatiza. "Nyumba hii si ya kambale, baba sharubu, mama sharubu, mtoto naye sharubu. Wakubwa wanazungumza."

Sijui kama kambale alimnusa Bibi Harusi au alimgusa. Niliona mdomo mpana ukipanda, ukafunguka bila haraka. Mkia mwekundu ulibaki nje, ukapunga kidogo kama leso, kisha nao ukaingia.

Sechelela alipiga ukelele mmoja. Baba Tulla akasogea kuangalia, akajipiga paja. "Msimlilie! Kamlaza ndani. Humo kuna joto!"

Kicheko kikajaa nyumba. Baba naye alicheka, huku akimtazama dada. "Cheka, mama. Ni mtani."

Akacheka. Machozi yakimtiririka, alifungua mdomo akatoa sauti ya kucheka, tena na tena, mpaka mgeni akaridhika na kuaga. Kesho yake mama alimkaanga kambale. Sechelela alipewa kipande cha tumbo, kwa kumbembeleza.

Miaka mingi baadaye tulimzika baba kwao Mvumi. Baba Tulla alikuja, mzee sasa, mgongo umepinda, kufanya kazi ya mtani msibani, kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa. Alivaa koti la baba, akakaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Halafu akachutama, akalichungulia shimo kama baba alivyokuwa akilichungulia lile tangi la samaki, akagonga kioo kisichokuwepo kwa kidole. Waombolezaji walicheka huku wakilia.

Sechelela alitoka katikati ya wanawake. Akamwinamia sikioni, lakini alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

"Ingia kabisa, mtani. Humo kuna joto."

Watu walilipuka kwa kicheko. Walisema msiba umepata mtani wa kweli. Mimi nilimtazama mzee. Aliutazama ule udongo mwekundu, akamtazama dada, na nikajua amekumbuka. Mdomo wake ukafunguka. Akacheka, kwa kuwa sheria ilimtaka acheke.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyetwambia udogoni: kwenye utani, kila mtu ana sharubu, hata mtoto. Jioni ile Sechelela angeweza kumjibu mgeni lolote, angeweza hata kumwagia chai yake chini, na Baba Tulla angelazimika kucheka. Wakubwa wote mle sebuleni walijua hilo. Walimwachia dada nusu moja tu ya sheria, ile ya kumezwa, na ile nyingine akaitafuta mwenyewe.

Alipompa mzee mkono kumtoa ukingoni, hakuwa akitabasamu.