Mikimbio Tisini na Tisa ya Rajabali

Nilikwenda London kuuliza swali moja la baba yangu. Barua ya mwaliko ilisema nakwenda kwenye kongamano la fasihi, na kweli nilisoma makala yangu mbele ya wasikilizaji saba, wawili wamelala. Baba hakujali makala. Alikuwa na miaka themanini na tano, na macho yake yameingia ukungu. Aliniambia, "Kamuulize Rajabali kama mpira ule uligusa."

Walioishi Unguja kabla ya mapinduzi hawahitaji kuelezwa. Wengine nawaambia: Rajabali alikuwa mpigaji wa kriketi ambaye hatukupata mwingine kama yeye. Alianza na gongo la mti wa mfenesi, alilochongewa na seremala jirani. Akapita mikimbio mia, yaani alama mia kwa zamu moja, Dar es Salaam, akapita mia Mombasa, akapita mia Nairobi kwenye mvua. Mpira wake mmoja uliingia dirisha la mahakama, na hakimu akasimamisha kesi ili aulize Rajabali amefika ngapi. Nyumbani tu, uwanja wa Mnazi Mmoja, mia ilimkataa.

Katika mechi yake ya mwisho pale alifika tisini na tisa. Mpira ukampita, ukasikika mlio, tak, na mlinda wiketi, anayesimama nyuma ya mpigaji, akaudaka. Ukigusa gongo ukadakwa, umetoka. Refa alikuwa baba. Hakunyanyua kidole cha kumtoa; akatikisa kichwa: haukugusa. Lakini Rajabali alitia gongo kwapani akaondoka mwenyewe, kama walivyofanya waungwana wa mchezo ule, ambao hawakungoja kuambiwa wanachokijua. Uwanja mzima ukamshangilia. Baba akapewa jina, Refa Kiziwi. Miezi michache baadaye yakaja mapinduzi. Rajabali akahama. Jina la baba halikuhama.

Uwanja wa ndege wa Heathrow, alfajiri. Ofisa wa forodha aliifungua halua yangu, akaibonyeza kwa kidole. Ikarudi juu polepole. Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto, akaniruhusu nipite.

Hayes, mchana. Binamu yangu, mfanyakazi wa ghala, aliniachia kitanda chake akaenda kazini. Nililala jua likiwa juu, nikaota mimi ndiye refa na vidole vyangu vyote kumi vimegoma kunyanyuka.

Jumamosi, baada ya kongamano, nilipanda treni ya Rayners Lane, alikoishi Rajabali. Dirishani kilipita kiwanja cha kriketi chenye watu waliovaa nyeupe, wametulia kimya hata nikadhani wamepandwa. Nje ya stesheni palinukia bizari, na mama mmoja alikuwa akimgombeza mtu kwenye simu kwa Kiswahili cha Mombasa. Kwa dakika nzima sikujua niko wapi, wala sikutaka kujua.

Rajabali alikuwa amekonda, ila mikono ilibaki mikubwa, kana kwamba ameazima.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtaja baba. "Refa," akasema. "Yu hai?"

Yu hai, nikamjibu.

Binti yake Shirin, mfamasia aliyezaliwa hukohuko, alielewa Kiswahili chote akajibu kwa Kiingereza. Kabla sijauliza lolote alinisimulia ile tisini na tisa, maana ndiyo aliyolelewa kwayo. Aliwahi hata kurudi kwa mwalimu kumwambia amemzidishia maksi. Nikanywa chai ya pili na ya tatu. Mtu aliyesoma chuo kikuu hakosi sababu za kuchelewesha swali. Mwishowe nikaliuliza huku nikitazama kikombe.

Mzee alimtuma Shirin akalete gongo kabatini. Akaanza kuufungua uzi uliozungushwa kwenye mpini, mzunguko baada ya mzunguko, taratibu, hadi ukaonekana ufa, mwembamba kama unywele.

"Huu ndio uliolia," akasema. "Mimi nami nilidhani nimeugusa mpira. Jioni ile nikafungua uzi, nikauona. Baba yako alikuwa sahihi."

"Mbona hukusema, ami?"

"Walikuwa wananibeba mabegani, mwanangu. Nikasema nitakwenda kwake kesho. Kisha nikafika hapa sina duka, sina nchi. Nilikuwa na hadithi moja tu, nayo ilikuwa nzuri."

Shirin aliweka birika chini. Kwa mara ya kwanza siku ile alisema Kiswahili, polepole, kila neno peke yake. "Umetulea kwa hadithi hiyo, baba."

"Na mmetoka wema," mzee akajibu. Kisha akanisogezea gongo, uzi ukining'inia. "Mpelekee. Mwambie nilichelewa."

Unguja, wiki iliyofuata. Ndani ya ndege nilitunga sentensi ndefu kuhusu ukweli na heshima, nikaifurahia sana. Baba aliikata katikati kwa kunyoosha mkono. Akapapasa mpini hadi kidole kikaupata ufa, kikakaa hapo. Nikamwona akitikisa kichwa, polepole, kulia na kushoto, kama siku ile. Nikadhani anasikitika. Nikamweleza kwamba sasa watu wataambiwa, na lile jina litafutwa.

Hakuwa akinisikiliza mimi. Alikuwa amegeuza uso upande wa Mnazi Mmoja.

"Basi hakutoka," akasema. "Tisini na tisa, na bado yumo. Mwite arudi acheze."