Boti ya Kwenye Simu

Yaya wangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, ana boti yenye mota inayobeba mizigo kati ya mji wa Baraka na rasi ya Ubwari. Tangu aipate, hakuna ujumbe unaotoka kwenye simu yake bila emoji ya boti mwishoni. Umpe pole, boti. Umuulize habari za batoto, boti. Mtu wa kujipigia muhuri. Mimi, ninayehesabu kwenda sokoni kuwa safari, hutuma emoji ya yule nyani anayejifunika macho, kwa hiyo sina haki kubwa ya kucheka.

Mama alipougua miguu, nilimwandikia Yaya aje. Kwetu Lweba mgonjwa haonwi kwa maneno: unakuja, unakaa mkekani, unaushika mguu unaouma. Akajibu kwa mioyo myekundu, mikono ya kuomba, na boti yake.

Mama hajui kusoma, ila picha anaziona. Akaninyang'anya simu.

"Anakuya na boti," akasema.

Nikamweleza kwamba yale ni mapambo tu. Akanikatalia, mtu hawezi kumtumia mama yake boti halafu asije. Akaoga, akavaa kitenge cha kwendea misa, akaniagiza nipike samaki kwa mawese, akajikokota hadi nyuma ya nyumba kutazama ziwa. Kila mota iliponguruma aliinua shingo. Ugali ukapoa, ukawa jiwe. Jioni akasema labda mawimbi yamemzuia.

Hayo mawimbi ndiyo yaliyonichoma. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani.

Kesho yake nikapanda pikipiki hadi Baraka, mimi huyu. Majirani waliuliza nani amekufa. Nilimkuta Yaya ufukweni, ameegemea boti, anachekea simu. Nikamwambia mama alimngoja mchana kutwa, amevaa kitenge cha misa.

"Lakini si nilituma mioyo?"

"Mioyo yako nimejaribu kumkandia miguu, Yaya. Haina moto."

Wapakiaji wake wakaangua kicheko. Akasema boti bado inapakia. Nikamwonyesha pikipiki. Akapanda nyuma yangu akinuna.

Nyumbani akapiga magoti mkekani, akaushika mguu. Mama akamwacha aushike, kisha akachungulia juu ya bega lake, kule ziwani kusiko na kitu.

"Na boti iko wapi?"

Yaya akanigeukia nimsaidie kujibu. Hasira yangu ilikuwa bado mbichi. Nikajifunika macho, kama yule nyani wangu.