Mwenye Uwanja Ndiye Mwenye Filimbi

Binti yangu alipoanza kuchezea timu ya wasichana ya shule yake, mechi zake zote nilizitazama kutoka jikoni. Mlango wa mbele ukifunguliwa taratibu, wamefungwa. Ukigonga ukuta, wameshinda, na viatu vitafika kwenye zulia kabla ya salamu. Sikuona sababu ya kwenda uwanjani kupigwa na upepo ili nijue jambo ambalo mlango ungeniambia bure.

Mimi ni mtu wa ndani. Wapo waliokuja Johannesburg kutafuta. Mimi nilikuja kukaa. Mume wangu ni mtoto wa wapigania uhuru wa hapa, aliyezaliwa Morogoro wazazi wake wakiwa uhamishoni. Alirudi kwao kijana, kisha akaja kunichukua, nami nikatoka nyumba moja nikaingia nyingine, ndege ikiwa kama korido tu katikati. Hapa Mayfair dunia yangu ina mipaka inayoeleweka: msikiti, duka la Msomali anayeniuzia mchele na iliki, na robot, yaani taa ya magari ya barabara kubwa, ambayo ikiwaka nyekundu mimi huichukulia kama ushauri wa kurudi nyumbani. Mume wangu ananiita Waziri wa Mambo ya Ndani. Nimesoma hadi kidato cha nne, kwa hiyo nikitukanwa kwa adabu najua.

Mwaka 2017, baridi ikielekea ukingoni, timu yao ilifika nusu fainali, na siku hiyo mume wangu alikuwa zamu kazini. Binti akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, kila mtu atakuwa na mtu wake."

Alisema kwa Kiingereza. Tangu aanze darasa la kwanza, mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu Kiingereza, na akikasirika, Kizulu. Kiswahili anakielewa vizuri, hata kile ninachonong'ona nikiwa nimempa mgongo. Kukisema ndiko alikoacha, kama alivyoacha uji na kubebwa.

"Nenda naye, mke wangu," mume wangu akasema. "Ukipotea tutatangaza redioni: anatafutwa mwanamke mnene kiasi, amevaa kanga, hajawahi kuonekana nje."

Nikaenda, na chupa ya chai, na koti la mume wangu juu ya la kwangu.

Uwanja ulikuwa wa shule nyingine, upande wa kusini mwa jiji, majani yamekauka yakawa ya njano na ardhi ngumu kama sakafu. Nilikaa karibu na mstari, pembeni ya mama mmoja wa upande wetu, mzaliwa wa hapa, aliyejua mambo: alikuja na kiti cha kukunja na blanketi la magotini. Yeye ndiye aliyenifundisha desturi ya mechi hizi. Refa hatoki nje. Mwenye uwanja ndiye mwenye filimbi. Shule inayowakaribisha humtoa mwalimu wake mmoja akachezesha. Siku ile alikuwa mwalimu wao wa hesabu, suruali ya kitambaa ameichomeka ndani ya soksi.

"Ina maana refa ni wa kwao?" nikauliza.

"Leo wa kwao. Wakija kwetu, wa kwetu. Tunaonewa kwa zamu."

"Kwetu hata nyama ya Idi hatumpi kisu mwenye njaa zaidi."

"Eish, mama, huu ni mpira, si nyama."

Nilitazama kidogo nikaona ni nyama. Msichana mmoja mrefu wa upande wa pili, beki, alikuwa akiruka viwiko vikitangulia kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni ya teksi. Alimpata mmoja wetu shavuni. Refa akanyoosha mikono yote miwili mbele: endeleeni. Akampata mwingine shingoni. Endeleeni. Msichana mwenyewe simlaumu sana. Mtoto akiachiwa sukari atalamba mpaka mtu amnyang'anye, na mnyang'anyaji siku ile alikuwa na filimbi mdomoni kama pambo.

Kisha binti yangu akafunga goli. Ufundi wake siwezi kuuapia, maana nilikuwa nafungua chai. Nilichoona ni kwamba aliuchukua mpira mbali, akawapita watu kama anayetoka jikoni na sufuria ya moto, wote wakimpisha, kisha ukawa wavuni. Yule mama wa blanketi alinipiga mgongoni nusu ya chai ikamwagika.

Muda si mrefu, mpira wa juu. Binti yangu akaruka, yule mrefu akachelewa kuruka, kiwiko hakikuchelewa. Kilitua juu ya sikio. Nilisikia mlio mkavu, kama kifuniko cha chungu kikidondoka. Binti yangu alianguka bila kuweka mikono.

Refa alikuwa hapo hapo. Akanyoosha mikono mbele.

Mpira ulipotoka nje wenyewe, ndipo kocha wetu, mwalimu kijana mwenye kofia, akakimbia na kopo la dawa ya kupuliza, akampulizia kichwani kama anayeua mbu. Refa akaja akamuuliza jina lake. Akalitaja. Akamuuliza shule. Akaitaja. Refa akainua dole gumba, na kocha, Mungu amsamehe, naye akainua lake.

Kabla ya kurudi mchezoni binti yangu alikuja kwangu mstarini kunywa maji. Akanitazama usoni, macho yake yakiwa mahali pengine.

"Mama," akasema, "uji umepoa?"

Kwa Kiswahili. Kwa sauti ya utotoni, ile ya kuvuta maneno, ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipong'oka meno ya mbele. Kisha akageuka akakimbia kurudi ndani.

Wengine wote uwanjani waliona msichana amekunywa maji. Mimi niliona mwanangu hayupo. Nikavuka mstari na chupa yangu ya chai mkononi.

Hapo ndipo filimbi ilipolia, kali, ndefu. Kiwiko kilikuwa kimeikosa mchana kutwa; mimi niliipata kwa kukanyaga majani.

"Mama, toka uwanjani tafadhali," refa akasema.

"Mtoto ameumia kichwa."

"Nimemuuliza maswali. Yuko sharp, yuko sawa."

"Mimi amenisemesha Kiswahili."

Akanitazama, akamtazama kocha. "Si ndiyo lugha yenu?"

"Ni lugha yangu. Yeye hajaniongelesha kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza."

Walicheka. Refa alicheka, kocha alitabasamu chini ya kofia, na sauti moja nyuma yangu ikasema huyo mama apelekwe nyumbani apike. Shauri zuri, na siku nyingine ningelifuata. Lakini kocha alikwisha mshika binti yangu bega akimwelekeza nafasi yake, na binti yangu alikuwa akielekea upande wa goli letu, akidhani ni la wapinzani.

Nikaenda nikamshika mkono, nikakaa chini. Katikati, karibu na duara. Sijui kukimbia, sijui kupiga kelele kwa Kiingereza, lakini kukaa ni kipaji changu, nimekifanyia mazoezi maisha yote. Nikamlaza kichwa pajani na koti la mume wangu juu yake.

"Mama, unasimamisha mechi," refa akasema.

"Ulikuwa na nafasi ya kuisimamisha wewe."

"Sheria ni kwamba timu ya mtu aliyeingia uwanjani inapoteza mchezo."

"Andika tumepoteza."

Akaandika. Tulikuwa tunaongoza.

Hospitalini daktari kijana alimmulika macho, kisha akaniuliza kama anaongea kama kawaida.

"Hapana, daktari. Anaongea Kiswahili."

Huyu hakucheka. Aliniuliza alisema nini, kwa sauti gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kisha akaniambia ubongo umetikiswa, na kwamba kichwa kilichotikiswa kikipigwa tena kabla hakijapona, msiba wake unaweza kuwa wa papo hapo. Alilisema polepole, na nikashukuru kwamba nimekwisha kaa kwenye kiti.

Dawa aliyompa ilikuwa hii: akae ndani. Mapazia yafungwe, simu iwekwe mbali, asikimbie, asiende penye kelele, alale anapojisikia. Yaani mwanangu aliandikiwa maisha yangu. Mume wangu alisema hajawahi kuona mgonjwa aliyepata mtaalamu bingwa namna hiyo. Nilimfundisha yote niyajuayo, jinsi ya kusikiliza barabara bila kuifuata, na jinsi ya kuanza kulala mchana bila aibu. Siku aliponiambia kwa Kiingereza kizuri kwamba choroko zangu zina ladha ya ukuta, nilienda chumbani nikalia kwa furaha.

Kisha akili ilipomrudia vizuri, akanikasirikia.

Maana shule ya wenyeji ilikuwa imelalamika, na shule yetu ikatoa sharti: mzazi amwombe refa radhi mbele ya mkuu wa shule, la sivyo binti hatapangwa tena kwenye timu. Na kucheza, kwa binti yangu, ndiko kulikokuwa hewa yake.

"Sema tu samahani, Mama. Ni neno moja."

"Nitalisema kwa kosa lipi?"

"Kwa kukaa pale kama uko mkekani. Kuna aliyekurekodi na simu, na wote wameiona video. Wananiita mtoto wa mkeka."

Mume wangu akajaribu kupatanisha. "Waziri, hata nchi huomba radhi."

"Nchi haina paja la kulaza mtoto," nikamwambia. Lakini usiku ule sikuwa jasiri hivyo. Nilijua kwamba nikishikilia msimamo wangu, atakayeulipia ni yeye.

Tukaenda sote. Mkuu wa shule, mama mwenye miwani na chai ya maziwa mezani. Kocha, bila kofia safari hii, akionekana mdogo. Na refa, mwalimu wa hesabu, ambaye kwa kweli alikuwa na uso mpole, jambo lililoniudhi.

Nilipoambiwa nianze, nilianza na swali. "Mwalimu, ulimwona alivyopigwa?"

"Niliona."

"Mbona hukupuliza?"

Akatazama mikono yake. "Mpira ulikuwa unaendelea. Na alisimama."

"Hata kuku husimama."

"Mama," mkuu wa shule akaingilia, "uamuzi wa refa ni wa mwisho. Ndiyo sheria ya mchezo."

"Uwe wa mwisho. Goli, kona, hayo yote abaki nayo. Lakini nauliza, kwa kile kiwiko cha kwanza na cha pili, anawajibika kwa nani? Mtoto akikata nywele vibaya mnamwita mzazi. Mtu mzima akiacha kichwa cha mtoto kipigwe, nani anamwita?"

Mkuu akamgeukia binti yangu, akatumia ile sauti tamu ya walimu. Alitaka amsaidie mama yake kuelewa.

Binti yangu alisogea mbele kwenye kiti. Kisha akamgeukia kocha, si mimi.

"Sir, goli langu nililifungaje?"

Kocha akafurahi kupata swali rahisi. "Eish, lilikuwa zuri sana. Uliuchukua kwenye laini ya kati, ukampiga chenga wa kwanza—"

"Silikumbuki," akasema. "Ndilo goli zuri kuliko yote niliyowahi kufunga, na mimi sikuliona. Aliyelisimulia nyumbani ni Mama, na amesema nilibeba sufuria."

Refa akainua uso.

"Asiombe radhi," binti yangu akasema. "Kama sitapangwa, sitapangwa."

Mimi nilijua alikuwa anatoa nini. Sikumshukuru pale. Ningemshukuru ningelia, na nisingependa yule mwalimu mwenye uso mpole aanze kunihurumia.

Walituambia tusubiri nje. Walipotuita tena, sharti la binti lilikuwa limeondolewa. Daktari akiruhusu, acheze. Mimi nikabaki na marufuku: nisionekane ndani ya uwanja wowote wa michezo wa shule hizo. Mume wangu alicheka njia nzima. Alisema hajawahi kusikia mtu akiadhibiwa kwa kuamriwa afanye anachokipenda.

Basi, kwa ubishi tu, nikaanza kutoka. Kila mechi ya binti yangu nilikuwepo, nje ya uzio, kwenye barabara ambayo si ya shule yoyote. Mwaka uliofuata tulirudi kwenye uwanja ule ule wa kusini. Mlinzi wa getini, Mkongomani wa Bukavu, alinijia akiwa na haya.

"Mama, bananiambia musiingie. Munisamehe, mimi niko natumika kazi tu."

"Usijali, mwanangu. Barabara haina geti."

Mama wa blanketi akatoka na kiti chake akaja kukaa nami. Wakafuata mama wengine wawili, mmoja na chapati. Refa alikuwa yule yule, suruali ndani ya soksi.

Kuelekea mwisho, matokeo yakiwa sare, mpira ukatupwa juu mbele ya goli letu. Vichwa viwili vikagongana. Mmoja wetu, msichana mdogo wa winga, akaanguka ameshika kichwa, na mpira ukamdondokea mshambuliaji wa wenyeji, goli liko wazi, kipa yuko chini. Watu wa shule ya yule refa walikwisha simama kushangilia.

Nikashika waya wa uzio. Refa aligeuza kichwa, akatutazama sisi tulio nje. Kisha akapuliza, ndefu, kali, akainua mkono na kusimamisha kila kitu. Wa kwao wakamzomea. Mwalimu mwenzake alimwita msaliti kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Yeye akapiga magoti pembeni ya yule mtoto, na kocha wetu akaingia, hakubeba kopo, akamtoa nje bila kumuuliza jina wala shule.

Mama zangu wa uzioni wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu hapigiwi makofi kwa kufanya kazi yake.

"Umeona?" mama wa blanketi akanigusa kiwiko. "Amekutazama wewe kwanza."

"Mwambie awe anatazama uwanjani," nikamjibu. "Mimi sijaanguka."